Mtu, Mti na Simba: Neno juu ya Kicheko katika Picha za Kuchorwa za Kwetu

Maandishi haya yalizaliwa na ubishi. Wakati tulipokuwa tunatayarisha ukumbi wetu mdogo hapa Butembo kwa maonyesho ya picha za kuchorwa kwa mkono, mmoja wetu alileta inakale moja kubwa, imechorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga wa ngano, rangi yake ingali inanuka. Tuliitundika, tukarudi nyuma hatua chache ili tuitazame vizuri. Nusu ya watu wakaanza kucheka. Nusu nyingine wakanyamaza. Kiisha muzee mmoja wa komiti, mwenye jamaa wengi upande wa Beni, akasema: « Hapana, bandugu. Bantu banachinjwa kule mu mashamba, na siye tuko hapa tunacheka mutu mwenye kupanda mu muti? »

Picha ikashushwa. Siku ile ilibaki chini, imegeuzwa uso kwa ukuta kama mtoto mwenye azabu. Tukaagizwa tuandike kurasa hizi kabla komiti haijaamua, nasi tunachukua nafasi hiyo kusema neno juu ya kicheko katika picha za kwetu, maana ni jambo ambalo watu wanaliona kila siku barabarani na katika saluni za nyumba zao, lakini ni wachache wenye kuliandika.

Kwa ajili ya vijana ambao hawakukuta wakati ule, tueleze kwanza inakale ni kitu gani. Ni picha ya mtu mmoja aliyepanda juu ya mti, na mti wenyewe umesimama kando ya mto. Chini ya mti yuko simba. Kwa wachoraji wengine ni chui. Ndani ya maji yuko mamba. Yule mtu anageuza macho juu apate hata tawi la kupumzikia, na juu pale yuko nyoka. Basi. Hakuna mtu mwingine, hakuna mwindaji anayekuja na bunduki, hakuna malaika. Jina la inakale lilitembea nchini pamoja na Kilingala, na watu walilitumia kwa hali yoyote isiyokuwa na mlango wa kutokea. Katika miaka ya Zaire picha hiyo ilipendwa sana mijini, ilitundikwa saluni kando ya picha ya ndoa na kalenda ya duka. Mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki, aliyefundisha Lubumbashi na baadaye Québec, na ambaye aliandika mengi juu ya picha za namna hii, anaonyesha kwamba watu wa mijini walijiona wenyewe katika mtu yule wa mtini. Mshahara haufiki, askari yuko kwenye barieri, na ukirudi nyumbani wajomba wanakungoja na maneno ya ulozi. Kila upande una meno.

Sasa, kicheko kinatoka wapi? Tumeketi mbele ya inakale nyingi, zingine nzuri zingine mbaya, na tumejaribu kuangalia mahali ambapo mtu anaanza kucheka. Haanzi kwa mtu. Anaanza kwa wanyama. Katika inakale nzuri, simba hanguruma hata kidogo. Ameketi. Ameweka mikono yake mbele kama mtu aliyekuja biroo asubuhi na mapema na kuambiwa kwamba shefu hajafika. Mamba naye amefungua kinywa, lakini hafungui kwa hasira. Anafungua kama mgeni aliyeona sahani ya fufu inakuja. Nyoka ndiye mwenye haraka kidogo. Wote watatu wana wakati wa kutosha, na ni mtu peke yake ambaye hana. Kisha jicho la mtazamaji linashuka kwa vitu vidogo: kiatu kimoja kimeanguka majini, kofia imebaki juu ya mwiba, shoka liko chini kabisa, karibu na mguu wa simba, mahali ambapo haliwezi kusaidia mtu. Wengine wanaweka baiskeli imeegemezwa vizuri kwenye kichaka, na kufuli juu yake. Ile kufuli! Mtu alikuwa na nafasi ya kufunga baiskeli yake isiibiwe, halafu ndipo akakutana na simba. Mtu wa Butembo akiona kufuli hiyo anacheka hata machozi, maana anajijua.

Tunasema wazi kwamba kicheko hicho hakimdhihaki mwenye shida. Mtazamaji hayuko chini pamoja na simba, akimtazama mtu kutoka huko. Mchoraji wa inakale, bila kusoma shule yoyote ya mambo hayo, huchora mti ukiwa karibu na katikati ya kitambaa, na uso wa mtu kwa urefu wa uso wetu. Tuko pamoja naye juu ya tawi. Tunacheka kwa sababu tumehesabu milango sawa na yeye, na hesabu imetoka sifuri.

Kuna mwalimu mmoja rafiki yetu ambaye alituazima kitabu cha picha za zamani za Korea, na tangu siku ile tumekuwa na jambo la kulinganisha. Wakorea nao wana mnyama chini ya mti. Katika wakati wa mwisho wa ufalme wa Joseon, uliotawala kutoka 1392 mpaka 1910, wachoraji wasiokuwa na jina walikuwa wanachora picha kwa watu wa kawaida, za kubandika mlangoni na ukutani, hasa mwaka mpya unapoanza. Baadaye, katika karne ya 20, Mjapani aliyeitwa Yanagi Muneyoshi akazipa picha hizo jina la minhwa, maana yake picha za watu. Moja inayopendwa kuliko zote ni ya chui-milia, yule mnyama tunayemwona katika filamu akiitwa tiger, ameketi chini ya msonobari, na juu ya tawi yuko ndege mweusi na mweupe anayepiga kelele. Ndege huyo ni mleta habari njema. Mnyama kazi yake ni kufukuza mabaya yasiingie nyumbani.

Lakini tazama jinsi walivyomchora huyo mlinzi! Macho yake ni ya mviringo kama sahani, mara nyingine moja linaangalia huku na lingine kule. Meno yako nje lakini hayatishi. Mwili ni wa mnyama mkubwa, uso ni wa paka wa jikoni aliyekanyagwa mkia. Tena kuna picha ambamo ana milia mgongoni na madoa ya chui kifuani, vyote pamoja. Wataalamu wanaeleza kwamba jambo hilo lilitoka China: kwa Kichina jina la chui linafanana kwa sauti na neno la kutangaza, basi chui pamoja na yule ndege ilikuwa fumbo la kutangaza furaha. Wakorea walipochukua fumbo hilo, wakamweka mnyama wa milima yao wenyewe, na madoa ya yule wa kwanza yakabaki kwa mwingine kama shati la kuazima. Na wengi husema kwamba mnyama yule mkubwa mjinga ni yangban, yaani bwana mkubwa wa zamani mwenye cheo na kofia, na ndege ni mtu mdogo wa kijiji anayemwambia ukweli kutoka mahali ambapo hawezi kufikiwa. Si wote wanaokubali maelezo hayo. Sisi, tukitazama macho ya mnyama, tunaelekea kuyakubali.

Hadithi za Kikorea za usiku huanza kwa kukumbusha zamani zile ambapo mnyama huyo alikuwa anavuta tumbako, na kuna hekalu katika mji wa Suwon, linaitwa Paldalsa, ambako amechorwa ukutani na kiko ndefu mdomoni na sungura wawili wanamhudumia. Sungura! Tuliona ukurasa ule na tukaufunga kitabu kwa kucheka, maana bibi zetu hawakuwahi kufika Korea na bado walitupa sungura yule yule. Mwaka 1988, kwa Michezo ya Olimpiki ya Seoul, mnyama huyo alifanywa alama ya michezo na kuitwa Hodori. Na mwaka 2025 watoto wetu walimwona katika simu, ndani ya filamu ya katuni iitwayo KPop Demon Hunters: mnyama wa buluu mwenye kicheko cha kijinga, na ndege wake mwenye kofia ndogo. Wakatuuliza kama ni mchezo mpya. Ni mchezo wa miaka mia na zaidi.

Jambo lililotugusa sisi ni hili. Wale watu hawakumcheka mnyama wa hadithi tu. Mnyama huyo alikuwa anaishi katika milima ya Korea na alikuwa anakula watu kweli. Kule kusini alimalizika karibu na miaka ya 1920 tu. Mama aliyebandika picha ile mlangoni alijua njia gani isipitwe jioni. Kwa hiyo yule anayesema kwamba hatari ya kweli haichekwi, na aende akawaulize Wakorea wa zamani.

Hata hivyo tusiwasifu wengine mpaka tukasahau tofauti, na tofauti ni kubwa. Katika picha ya Korea hakuna mtu. Yuko ndege, na ndege ana mabawa. Mnyama akiruka, yeye ataruka zaidi. Kicheko chake ni cha mwenye usalama. Inakale haina mabawa. Picha ya Korea inafanya mnyama kuwa mjinga ili mlango ubaki salama mwaka mzima, na picha yetu inamwacha mnyama na akili zake zote. Simba wetu si mjinga hata kidogo, anajua kungoja. Sisi hatuna picha ya kufukuza mabaya. Tuna picha ya kukaa nayo. Mtu akituuliza ni ipi yenye nguvu zaidi, tutasema ya kwetu, lakini mtu huyo ajue kwamba tunapendelea.

Na hapo ndipo tunafika kwa ukosoaji wenyewe, maana si kila inakale inastahili ukuta. Siku hizi kuna vijana wachoraji, mmoja tunamfahamu vizuri na mkono wake ni mzuri kuliko wa wazee wote, wanachora simba kutoka picha za simu. Manyoya yanang'aa, unaweza kuhesabu ndevu moja moja. Simba amesimama kifua mbele kama kwenye bia au kwenye jezi ya mupira. Maji yana mwanga wa machweo. Na mtu? Mtu ni mdogo pale juu, mgongo wake unaelekea kwetu, uso hauonekani. Picha hizo zinauzwa, hatukatai, hasa kwa wenye hoteli. Lakini hakuna anayecheka mbele yake, na pia hakuna anayeogopa. Zimekuwa picha za kusifu simba. Kijana yule tulipomwambia hivyo alijibu: « Muzee, mteja analipa simba, halipi mutu. » Jibu ni la kweli na ndilo linalotusikitisha.

Uso wa mtu ndio inakale. Mchoraji wa zamani hakujua kuchora mikono, vidole vilikuwa kama ndizi, mguu mmoja mrefu kuliko mwingine. Lakini uso alijua. Hakumfanya mtu alie. Alimwekea macho ya mtu anayehesabu: simba hatua tatu, mamba hatua mbili, nyoka dhiraa moja. Paji la uso limekunjwa kama la mfanyabiashara anayetafuta mahali ambapo franga elfu moja zilipotelea. Bado anafikiri. Hapo ndipo pana kichekesho na hapo ndipo pana heshima yake, na mchoraji akimfanya alie, au akimficha uso, ametuondolea vyote viwili kwa mara moja.

Tusifikiri kwamba inakale ndiyo picha peke yake. Mami Wata, ambaye Katanga wanamwita Mamba Muntu, alitawala saluni miaka mingi, na yeye hachekeshi. Anatisha na anaahidi mali, na tunampita. Ile inayoitwa Colonie belge, yenye mfungwa anayepigwa fimbo mbele ya muzungu, iko kati. Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya Zaire katika picha 101 alizomweleza mtaalamu Johannes Fabian, aliichora pia, na watu walizinunua picha za namna ile kama ukumbusho. Ndani yake muzungu anavuta kiko kwa utulivu wakati fimbo inashuka. Ile kiko ni kichekesho, lakini ni kichekesho kinachokwama kooni. Kule Kinshasa wakatoka waliokifanya kicheko kuwa kazi yao ya wazi. Chéri Samba, aliyefungua shantiye yake mwaka 1975, aliona kwamba wapita njia wanatupa jicho na kwenda, akaanza kuandika maneno ndani ya picha ili mtu asimame na kusoma. Mwenzake Chéri Chérin alianza kwa kuchora kuta na mabango ya maduka, na alilifanya jina lake kuwa herufi za sifa zake mwenyewe, yeye fundi asiye na kifani na kadhalika. Mtu anayejipa jina la namna hiyo hawezi kuchora picha ya kulala. Wote hao walifika Paris, na katika maonyesho ya Beauté Congo ya mwaka 2015 kule Fondation Cartier wazungu walipanga foleni kuwatazama. Tunafurahi kwa ajili yao. Ila kicheko kilichoandikwa kwa ajili ya ukuta wa Paris kina sauti nyingine, kinajieleza sana, na sisi tunarudi kwa mabango ya hapa.

Huku kwetu, mji wa biashara, picha inayochekesha kuliko zote ni ya wafanyabiashara wawili. Ilitoka Ufaransa zamani, karne ya 19, ikaenea katika maduka ya nchi nyingi zinazosema Kifaransa. Upande mmoja ni aliyeuza kwa pesa mkononi: tumbo mbele, mnyororo wa dhahabu, kasha limejaa. Upande mwingine ni aliyeuza kwa deni: mashavu yameingia ndani, nguo zimechanika, kasha wazi, na panya wanakula karatasi za madeni. Wachoraji wa hapa wanaibadilisha kila mmoja kwa mji wake. Tumeona moja ambamo yule wa deni anasukuma chukudu tupu mlimani. Tumeona nyingine ambamo panya mmoja amesimama wima, anasoma jina la mdaiwa kabla ya kula karatasi. Ndani ya duka lile mtu hawezi kuomba deni bila kucheka kwanza, na akishacheka ameshindwa. Hivyo bango linafanya kazi ambayo mwenye duka mwenyewe anaona haya kuifanya. Watu wanasema sisi Wanande tunapenda pesa kuliko usingizi; picha ile ni sisi wenyewe tunayasema kabla hawajayasema.

Kuna pia kicheko tusichokitaka, na hatutakificha kwa kuwa ni cha kwetu. Ni picha za Wambuti wa msitu zinazochorwa kwa kuchekesha, tumbo kubwa, kinywa wazi, mtu anashangaa radio au kiatu. Hapo mchoraji hayuko juu ya tawi pamoja na mtu yeyote. Yuko chini, na simba. Tulikuwa na mbili za namna hiyo kati ya zilizoletwa kwa maonyesho na tumezirudisha kwa wenyewe. Picha za ulevi, za mwanamke anayepiga mume au mume anayepiga mwanamke, tulibishana moja moja. Nyingi zilikuwa uvivu tu.

Sasa turudi kwa neno la muzee, maana hatukulisahau. Upande wa Beni watu wanauawa tangu Oktoba 2014, kwa panga na kwa bunduki, usiku na mchana, na mashamba ya kakao na ya mpunga yamekuwa mahali ambapo mtu anaagana na watu wake kabla ya kwenda. Halafu, juu ya hayo, Agosti 2018 ukatangazwa ugonjwa wa Ebola kuanzia Mangina, ukakaa mpaka tarehe 25 Juni 2020: wagonjwa 3.470, waliokufa 2.287. Inakale ilikuwa imetoka ndani ya kadre yake. Simba, mamba, nyoka, wote walikuwa barabarani.

Tunakumbuka vizuri mabango ya wakati ule. Mikono inayonawa, kipima joto, mtu mwenye macho mekundu. Yalichorwa safi, na watu waliyapita kama wanavyopita nguzo ya umeme isiyo na umeme. Lakini kulikuwa na kinyozi mmoja katika kartie yetu aliyemwomba mchoraji wa mabango amchoree lake. Mchoraji alichora kinyozi amesimama upande mmoja wa barabara na mteja ameketi upande wa pili, mashine ya kunyolea imefungwa juu ya kijiti kirefu kama cha kuangushia maparachichi, na katikati ndoo ya maji yenye bomba. Watu walisimama pale. Walicheka, walimuuliza kinyozi kama bei ni ya kilomita au ya kichwa, na wakati wakimuuliza walikuwa wananawa. Hatusemi kwamba bango moja lilifukuza ugonjwa. Tunasema tu kwamba lile lilisomwa.

Hata hivyo Ebola ni jambo moja, na panga ni jambo lingine. Tulikubali kwamba muzee ana haki ya kuogopa kicheko chetu sisi wa Butembo, maana kati yetu na Beni ni kilomita zaidi ya 50 tu, lakini mtu anaweza kulala usingizi upande huu na kuamka na habari za upande ule. Kama tungecheka sisi peke yetu, tungekuwa wale wa chini ya mti. Basi tukafanya jambo ambalo tungepaswa kulifanya mwanzoni. Tuliwaalika watu watano waliokimbia kutoka vijiji vya Beni, ambao wanaishi hapa kwa jamaa, waje watazame picha zote kabla ya siku ya kufungua. Hatukuwaambia lolote juu ya ubishi.

Walizunguka polepole. Mbele ya wafanyabiashara wawili walicheka kama kila mtu. Inakale tuliigeuza tukaisimamisha juu ya meza. Baba wawili waliitazama kidogo wakaenda mbele, na hatujui walifikiri nini. Mama mmoja akabaki. Alikaribia mpaka pua yake ikawa karibu na kitambaa, akamtazama mtu, akamtazama simba, akahesabu kwa kidole. Kiisha akageuka kwetu:

« Huyu yeye iko na bahati. Alipata muti. Siye tulijificha mu mihogo, na mihogo ilikuwa ingali mifupi. »

Akacheka. Wenzake wawili wakacheka pia, na mmoja akaongeza kwamba mume wake alikuwa mnene, makalio yalibaki nje. Walicheka kwa muda mrefu, wakishikana mabega. Sisi hatukucheka mara moja. Hatukujua kama tuna ruhusa. Muzee alikuwa ameketi karibu na dirisha, alisikia yote.

Ni kwa ajili ya maneno yale tunaandika kwamba inakale ibaki. Mama yule aliisoma kuliko sisi wote wenye kalamu. Aliona mara moja kosa la picha: mti ni wa watu wa hadithi. Hakuomba ishushwe, aliona tu kwamba haijatosha. Picha ambayo mtu aliyekimbia anaweza kuisahihisha kwa kicheko chake mwenyewe haimtukani. Ile ya simba anayeng'aa hakuigusa hata kwa jicho.

Komiti ilikutana Jumamosi iliyofuata. Muzee hakubadilisha neno lake. Alisema tu kwamba kama wale wamecheka, yeye si mkubwa kuliko wao, na picha itundikwe. Iko sasa kando ya mlango. Katika mikutano yeye huchagua kiti kinachoipa mgongo, nasi tunamwachia kiti hicho.

Mchoraji, aliposikia habari ya mihogo, aliomba apewe kitambaa chake kwa wiki mbili. Alikirudisha na shamba dogo katika pembe ya kushoto, nyuma ya simba, na ndani ya majani macho mawili tu yanayoonekana ukitazama sana. Wanyama bado hawajayaona. Kwa maoni yetu wazo ni zuri kuliko mkono: kijani chake kinapiga kelele, na majani ameyachora yenye meno pembeni, membamba, mpaka wanafunzi waliokuja kutembelea wakamuuliza mwalimu wao kama ile ni bangi. Tumemwambia. Amesema atarekebisha akipata rangi.